Shujaa asiyetaka ushujaa: kwa nini msomaji humwona kama ndugu yake?

Katika riwaya mashuhuri za kifantasia, anayeuokoa ulimwengu mara nyingi si mwenye nguvu wala mwenye uchu wa vita. Ni mtu wa nyumbani, ambaye angefurahi zaidi kuachwa na chai yake. Kutoka Braamfontein, mjini Johannesburg, makala haya yanachunguza kwa nini wasomaji humpenda mtu huyo, na historia ya Afrika Mashariki inatufunza nini juu yake.



Mtaa ninakofanyia kazi, Braamfontein, uko upande wa kaskazini wa reli inayoligawa jiji la Johannesburg. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyeji hukiita Wits kwa ufupi. Wanafunzi wake hutoka kila pembe ya Afrika, na ukikaa nusu saa katika mkahawa wowote wa barabara ya Jorissen hukosi kukisikia Kiswahili: kile cha Dar es Salaam, kile cha Nairobi, au kile cha Bukavu.

Ni katika mkahawa kama huo ambamo kijana mmoja kutoka Bukavu, mwanafunzi wa uhandisi, aliniuliza swali lililozaa makala haya. Mkononi alikuwa na nakala ya The Lord of the Rings, kitabu kinene kilichochakaa kwa kupita mikono mingi. Aliniita mzee, kwa heshima ya kwao, ingawa mvi zangu bado zahesabika. Alitaka kujua ni kwa nini, katika kitabu kilichojaa wafalme, wachawi na mabingwa wa upanga, mwandishi amemtwisha mzigo mkubwa kuliko yote mtu mfupi, mwoga kiasi, asiyeutaka mzigo wenyewe. Na zaidi ya hayo, alitaka kujua ni kwa nini yeye, mtu wa Bukavu, akimsoma mtu huyo huhisi kwamba anasoma habari za jamaa yake.

Swali hilo sikuweza kulijibu pale pale. Nimelibeba kwa siku kadhaa, na leo nakuletea nilichokipata.

Chemchemi mbili

Kwanza, tuondoe utata mmoja. Wageni wengi hulichanganya jina la Braamfontein na lile la Bloemfontein. Yote mawili yana asili ya Kiholanzi. La kwanza maana yake ni chemchemi ya vichaka vya miiba, na la pili ni chemchemi ya maua. Kati ya chemchemi hizo mbili kuna mwendo wa kilomita zipatazo 400.

Ni huko Bloemfontein, na si London wala Oxford, alikozaliwa John Ronald Reuel Tolkien, mwandishi wa kitabu alichokuwa nacho kijana yule. Alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka 1892, wakati mji huo ulikuwa makao makuu ya jamhuri ya Makaburu iliyoitwa Dola Huru ya Orange. Baba yake, Arthur Tolkien, alikuwa mfanyakazi wa benki aliyetoka Uingereza kutafuta maisha. Mwaka 1895 mama yake alimchukua yeye na mdogo wake kwenda kuwatembelea jamaa Uingereza. Baba alibaki kazini, akaugua, akafariki dunia mwezi Februari mwaka 1896 kabla ya kuungana nao. Safari iliyokuwa ya matembezi ikageuka kuwa ya moja kwa moja, na Tolkien hakuishi tena Afrika.

Si nia yangu kudai kwamba Afrika ndiyo iliyomfunza kuandika, kwani aliondoka akiwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini yeyote aliyewahi kuondoka kwao akidhani atarudi baada ya muda mfupi, kisha mlango ukafungwa nyuma yake, ataelewa kwa nini katika vitabu vya mtu huyu nyumbani ni jambo kubwa kuliko ushindi.

Mtu wa nyumbani

Kwa msikilizaji ambaye hajavisoma vitabu hivyo, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1937 Tolkien, wakati huo akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha The Hobbit. Hobiti ni kiumbe aliyemfanana binadamu, ila kimo chake ni nusu ya kimo cha mtu mzima. Hupenda chakula, bustani na usingizi. Bilbo Baggins, hobiti wa miaka 50, anatembelewa na mchawi Gandalf pamoja na kundi la vijeba wanaotaka kwenda kuikomboa hazina yao kutoka kwa joka. Bilbo hataki kwenda. Anaondoka mbio mbio asubuhi ya pili yake, bila hata kitambaa cha mfukoni, kana kwamba miguu imekwenda kabla ya akili kukubali.

Katika kitabu kilichofuata, The Lord of the Rings, kilichotoka kwa sehemu tatu katika miaka ya 1954 na 1955, mrithi wake Frodo anagundua kwamba pete aliyoachiwa ni silaha ya mtawala dhalimu, Sauron. Pete hiyo haiwezi kuvunjwa isipokuwa kwa kutupwa katika moto wa mlima ule ule ilikofuliwa, ndani ya nchi ya adui. Frodo naye, anapoanza safari, ana umri wa miaka 50. Jambo la kwanza analofanya baada ya kuujua ukweli ni kujaribu kumkabidhi Gandalf pete hiyo.

Zingatia umri huo, mpenzi msikilizaji. Hadithi nyingi za kishujaa hutupa kijana asiye na mke, shamba wala deni. Hapa tumepewa watu wazima wenye nyumba. Na hii ndiyo sababu ya kwanza ya msomaji kuwapenda: wana cha kupoteza. Kijana asiye na kitu akikimbilia vitani tunamshangilia, lakini moyoni tunajua kwamba hajapiga hesabu. Mwenye kupiga hesabu husita. Msomaji mwenye watoto wa kusomesha, kodi ya nyumba na mama mgonjwa kijijini hupiga hesabu kila siku, na anapomwona Frodo akisita, hamwoni mwoga bali mtu anayejua bei ya vitu.

Jambo hili halikuanzia kwa Tolkien. Mwaka 1949 mtaalamu wa visasili wa Kimarekani, Joseph Campbell, alichapisha kitabu The Hero with a Thousand Faces. Alidai humo kwamba hadithi za kishujaa za mataifa mengi hupita njia moja: mtu huitwa, huondoka kwao, hupambana, kisha hurejea. Baina ya kuitwa na kuondoka, alisema, mara nyingi kuna hatua ya kuukataa wito. Vitabu vitakatifu vinavyosomwa misikitini na makanisani kwetu vinamjua mtu wa hatua hiyo. Musa alipotumwa kwa Firauni alieleza udhaifu wa ulimi wake, akaomba nduguye Haruni awe msaidizi wake. Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona, alipanda jahazi akawakimbia watu aliotumwa kwao, hadi samaki akammeza. Hakuna anayewadharau kwa hilo. Kusita kwao ndiko kunakotufanya tuamini kwamba ujumbe waliopewa ulikuwa mzito.

Anayeogopa madaraka

Sababu ya pili ni nyeti zaidi, nayo inahusu madaraka.

Pete ya Sauron humpa aliye nayo nguvu ya kuwatawala wengine. Ingekuwa rahisi kwa mwandishi kumpa Gandalf, mchawi mwema, aitumie kuleta haki. Lakini Gandalf anapopewa anaikataa, tena kwa hofu. Galadriel, malkia mwenye hekima, anapewa naye anaikataa. Wanajua kwamba wangeanza kwa nia njema na kuishia kuwa madhalimu wapya. Anayeitaka kwa dhati ni Boromir, askari jasiri na mzalendo wa kweli, ambaye hoja yake ni kwamba nchi yake imo hatarini na silaha iko mbele ya macho. Ni Boromir huyo huyo anayejaribu kumnyang'anya Frodo kwa nguvu.

Hapa mwandishi ameligeuza swali la kawaida. Hadithi nyingi huuliza ni nani mwenye uwezo wa kutosha kushika madaraka. Hii inauliza ni nani anayeyaogopa kiasi cha kutosha. Msomaji wa Afrika, aliyewaona wakombozi wakigeuka watawala wasioondoka, hahitaji kufafanuliwa swali hilo.

Hata hivyo, yafaa tujihadhari. Kusita nako huweza kuwa vazi la kuvaliwa. Nani kati yetu hajawahi kumsikia mgombea akisema kwamba yeye hakutaka kabisa kugombea, ila wazee wamemfuata nyumbani, vijana wamemwomba, na akina mama wamemchangia fedha za fomu? Shujaa anayesita amekuwa kipenzi cha watu, na kwa hiyo wasio na haya wamejifunza kumwigiza.

Tutawatofautishaje? Riwaya ina kipimo chake, nacho ni chepesi: usitazame namna mtu alivyoupokea mzigo, tazama kama yu tayari kuutua. Waswahili wanalo neno kwa hilo. Mwalimu Julius Nyerere alipoachia urais wa Tanzania mwaka 1985 alilipa umaarufu neno kung'atuka, lililotoka katika Kizanaki, lugha ya kwao. Safari nzima ya Frodo ni safari ya kwenda kung'atuka. Hakutumwa kuleta kitu, alitumwa kwenda kukitupa.

Si askari, ni mpagazi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, msomaji wa Kiswahili hulihisi haraka kuliko wengine. Frodo si askari. Kazi yake yote katika kitabu ni kubeba. Anapanda, anashuka, anapungukiwa maji, shingo inaumia kwa uzito wa kidude kidogo kilichofungwa kwenye mnyororo. Kwa Kiswahili cha karne ya 19, kile cha misafara ya Bagamoyo na Tabora, mtu wa namna hiyo ana jina: mpagazi.

Tolkien alijua alichokuwa akikiandika. Mwaka 1916 alikuwa Ufaransa, ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza, kwenye vita vya mto Somme. Katika vita hivyo hivyo, mwezi Julai, kikosi cha Afrika Kusini kilipata hasara ya kutisha katika msitu wa Delville. Tolkien alirudishwa Uingereza mwezi Novemba akiwa na homa iliyoenezwa na chawa wa mahandaki. Wawili kati ya marafiki zake wa karibu wa shuleni waliuawa mwaka huo. Baadaye alieleza kwamba Sam Gamgee, mtunza bustani anayefuatana na Frodo, ni taswira ya askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua vitani, ambao aliwaona kuwa bora kuliko yeye mwenyewe.

Wakati Tolkien yumo handakini, vita hivyo hivyo vilikuwa vikipiganwa Afrika Mashariki. Mwezi Februari mwaka 1916 jenerali kutoka Afrika Kusini, Jan Smuts, alikabidhiwa uongozi wa majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Barabara hazikuwepo. Hivyo risasi, unga, dawa na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na Msumbiji, wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Jeshi hilo la wabebaji Waingereza waliliita Carrier Corps. Wenyewe walioitwa walilitamka kwa ndimi zao, na ndipo tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila siku maelfu ya watu huenda Kariakoo kununua vitenge, simu na samaki wakavu, na wachache tu hukumbuka kwamba wanalitaja jina la watu waliobeba. Nairobi, katika mnara wa kumbukumbu ulioko barabara ya Kenyatta, mmoja kati ya watu watatu waliochongwa ni mpagazi. Katika sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, aliyeko juu ni mwenye bunduki peke yake.

Kutoka Afrika Kusini nako Waafrika weusi walipelekwa Ufaransa bila silaha, kama vibarua. Meli ya Mendi ilipogongwa na kuzama karibu na pwani ya Uingereza tarehe 21 Februari mwaka 1917, zaidi ya 600 kati yao walikufa maji.

Haki ya kusema hapana

Hapa ndipo nilipokwama, mpenzi msikilizaji, na hapa ndipo pia nilipopata jibu.

Ingekuwa vyepesi kumalizia kwa kusema kwamba wapagazi wa Kariakoo ndio akina Frodo wetu. Mizigo ilikuwa mizito, njia ilikuwa ndefu, na wao walikuwa watu wa nyumbani wasiotaka vita. Lakini tukisema hivyo tutakuwa tumefunika jambo kubwa. Frodo aliulizwa. Katika baraza ambamo hatima ya pete iliamuliwa, hakuna aliyemtaja wala kumnyooshea kidole. Palikuwa na kimya kirefu, na angeweza kunyamaza na kurudi kwao bila lawama. Ndipo akajitolea mwenyewe, huku akikiri kwamba njia haijui. Mpagazi wa mwaka 1917 hakuwa na baraza. Machifu walitakiwa watoe idadi fulani ya wanaume, na wanaume hao wakatolewa. Waliokimbilia porini walisakwa.

Basi, lipo jambo ambalo hadithi hizi hutufunza bila kulitamka. Kinachomfanya mtu kuwa shujaa anayesita si kusita kwenyewe. Ni kwamba alikuwa na nafasi ya kukataa, akaitazama nafasi hiyo, kisha akaenda. Pasipo nafasi hiyo, kile tunachokiita ushujaa wake ni jina zuri tulilolipaka dhuluma. Msomaji humpenda Frodo kwa kuwa amepewa heshima ambayo watu wengi wa kawaida hawakupewa na historia: heshima ya kuulizwa.

Fasihi yetu ya kale imelihifadhi pengo hilo. Katika simulizi za Fumo Liongo, shujaa wa pwani ya Kenya, mwenye jina ni Liongo mwenyewe: mrefu, mshairi, mpiga mishale asiyeshindwa, ambaye hakuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Tunamstaajabia, lakini ni wachache wanaojifananisha naye. Alipofungwa gerezani, aliyemwokoa ni kijakazi Sada. Mama yake Liongo alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi walizoea kula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa makapi. Sada akaubeba mkate ule akapita nao mbele ya walinzi. Laiti wangeushuku, roho yake ingekuwa ya kwanza kutoka. Simulizi hatuelezi kama aliogopa. Hazielezi kama aliulizwa. Sada alikuwa mtumwa, na mtumwa hutumwa.

Nadhani wasikilizaji wengi, wakisimuliwa kisa hicho leo, hushikwa pumzi si pale Liongo anapokata minyororo bali pale binti yule anapopita mlangoni na kikapu chake. Hapo ndipo walipo wao.

Kurudi nyumbani

Sababu ya tatu ya mapenzi hayo imo mwishoni mwa safari. Shujaa wa aina hii hashindi kwa namna aliyotarajia. Frodo, baada ya kufika juu ya mlima wa moto, anashindwa. Nguvu za pete zinamzidi, anakataa kuitupa, anaivaa na kuidai iwe yake. Ulimwengu unaokoka kwa sababu Gollum, kiumbe mnyonge ambaye Bilbo na baadaye Frodo mwenyewe walimhurumia na kumwacha hai, anamng'ata kidole chenye pete na kuanguka nayo motoni. Kabla ya hapo Frodo alikuwa ameishiwa nguvu za kutembea, na ni Sam aliyembeba mgongoni. Mpagazi amebebwa na mpagazi mwenziwe.

Na anaporudi kwao, amani aliyoipigania haimfai. Jeraha la zamani humuuma kila mwaka siku ile ile ikifika. Majirani zake hawajui hasa alikokuwa. Mwishowe anapanda chombo na kuondoka.

Shaaban Robert aliligusa jambo linalofanana na hilo katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, kisa cha nchi inayoelea angani. Mshitakiwa Karama, akijitetea mbele ya mfalme, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, mbinguni na ardhini, kutafuta yatakayoifaa nchi. Walivumilia taabu kubwa, wakarudi na hazina ya maarifa. Malipo yao yakawa gereza. Askari waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na wakimbizi waliorudi kwao baada ya vita walilijua hilo bila kusoma riwaya. Kurudi nako ni safari, na si kila anayerudi hupokelewa.

Msomaji hupata faraja gani kwa shujaa aliyeshindwa na kurudi na kidonda? Faraja ya ukweli. Wengi wetu tumewahi kubeba jambo ambalo halikukamilika kwa nguvu zetu. Umemuuguza mzazi ambaye hakupona. Umelea mtoto wa ndugu hadi ukachoka, na jirani akamalizia. Hadithi inayosema kwamba ulikuwa na thamani kwa kulifikisha jambo pale ulipoweza, hata kama mkono wa mwisho haukuwa wako, ni hadithi ya kuaminika kuliko ile ya upanga unaong'aa.

Ofisi iliyoachwa wazi

Nimalizie hapa hapa Braamfontein. Jengo kuu la Wits, lile lenye nguzo ndefu, leo lina jina la Robert Sobukwe. Mwaka 1954 Sobukwe aliajiriwa na chuo hicho kufundisha lugha za Kiafrika. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, kwa mtu mweusi hiyo ilikuwa nafasi adimu: mshahara wa uhakika, vitabu, na kazi aliyoipenda. Alikuwa na mke na watoto wadogo.

Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha Pan Africanist Congress. Mwezi Machi mwaka 1960 alijiuzulu kazi yake ya Wits. Tarehe 21 mwezi huo alitembea kwa miguu hadi kituo cha polisi cha Orlando, Soweto, bila pasi, ili akamatwe. Siku hiyo hiyo, huko Sharpeville, polisi waliwaua waandamanaji 69. Sobukwe alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Kilipokwisha, bunge lilipitisha kifungu maalumu cha sheria kilichowezesha kumzuia zaidi, akakaa kisiwa cha Robben hadi mwaka 1969, peke yake, mbali na wafungwa wengine. Kisha akapelekwa Kimberley chini ya vizuizi, na huko akafariki dunia mwezi Februari mwaka 1978.

Sobukwe hakuwa hobiti, na siasa yake haikuwa ya kusitasita. Ninamtaja kwa sababu moja tu. Alikuwa na mlango ambao angeweza kuufunga akabaki ndani na vitabu vyake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na cha kupoteza, alikijua, na alikwenda kwa miguu yake. Nikipita chini ya nguzo zile, hujiuliza kuhusu ile meza aliyoiacha.

Kijana wa Bukavu nilimwona tena wiki iliyopita, nikampa jibu langu kwa ufupi. Nilimwambia kwamba tunampenda shujaa anayesita kwa kuwa amepima kama sisi tunavyopima, kwa kuwa anayaogopa madaraka kama inavyostahili, kwa kuwa hurudi na kidonda kama sisi tunavyorudi, na juu ya yote, kwa kuwa aliulizwa kwanza.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba babu wa babu yake alibeba mizigo ya Wabelgiji hadi Tabora mwaka 1916, na kwamba nyumbani kwao hakuna anayelikumbuka jina lake, ila wanakumbuka kwamba alirudi.

Mpenzi msikilizaji, huenda nawe katika ukoo wako yumo mtu kama huyo, aliyebeba bila kuulizwa na kurudi bila kushangiliwa. Ikiwa bado yuko mzee anayelijua jina lake, muulize kabla jua halijatua.